Uwanja wa Lami wa Nekesa

Pale Kamukuywa, mtu akikuambia "umenitia lami," usianze kutazama viatu vyako. Anachosema ni kwamba ulikuja kumsaidia ukamwacha pabaya zaidi. Nenda Kitale, hapo karibu tu, useme maneno hayo hayo, watu watakuuliza mkandarasi ni nani. Kitale lami ni barabara. Ni mjini, ni mahali mtu anapopangusa viatu kabla hajaingia ofisini. Na kule pwani alikotoka Athumani, nyapara wa kikosi cha barabara Kitale, lami ilikuwa bado kitu cheusi cha kupakwa chini ya mashua ili maji yasiingie, hata aliposikia wafanyakazi wa bara wakiambiana "tukutane lami," alicheka mbavu zikamuuma. Alisema kwao ukikutana na mtu lami, mmoja wenu amelala chini ya mashua.

Neno moja, na kila lilikofika limepewa kazi nyingine. Kazi lililopewa Kamukuywa ilianzia uwanjani kwa mama mmoja mjane aliyeitwa Nekesa. Aliyelifikisha hapo ni kifungua mimba wake, Wakhungu, ambaye baada ya hayo hakulitamka nyumbani tena. Alikuwa akisema "ile kitu." Ukimwuliza ile kitu gani, anakumbuka ghafla kwamba kuna ng'ombe hajafungwa.

Wakhungu alizaliwa miaka ile ya ishirini na kitu, wakati watu wa Bungoma walikuwa wameshazoea kupanda kwenda Kitale kulima mashamba ya Wazungu na kurudi na blanketi. Baba yake alikufa mapema. Nekesa akabaki na watoto wawili wa kiume waliopishana sana, Wakhungu na kitinda mimba Wabwile, na akabaki na uwanja. Uwanja ulikuwa ndio kazi yake kubwa. Wimbi, ule ulezi wa uji na pombe, hauanikwi kwenye vumbi. Kila msimu wa mavuno alichota mavi ya ng'ombe, akayachanganya na majivu, akainama, akapaka kwa kiganja kutoka mlangoni mpaka kwenye ghala, kipande kwa kipande, mpaka mahali pakawa laini, pagumu, panang'aa. Mvua ikinyesha, anapaka tena. Kuku akichakura, anapaka tena. Wakhungu alikua akiuona mgongo wa mama yake zaidi kuliko uso wake.

Ndiyo maana, alipopata kazi kwenye kikosi cha barabara Kitale, moyo wake ulienda moja kwa moja kwenye ule mgongo.

Kitale siku zile ilikuwa na lami fupi kuliko hasira ya mwenye shamba. Kipande tu, mbele ya maduka ya Wahindi, ambapo trela za mahindi ziligeuzia. Lakini kwa vijana waliotoka kwenye tope, kile kipande kilikuwa maajabu. Mvua inapiga, maji yanateleza kwenda zake, na chini pamebaki vile vile. Wakhungu alichochea moto chini ya mapipa, akamwaga lami kwa kopo refu, akatandaza kokoto, akafuata nyuma ya roda ya kushindilia. Suruali yake ilijaa madoa na hakukubali ifuliwe. Aliivaa hivyo hivyo kurudi nyumbani mwisho wa mwezi, akipita sokoni Kamukuywa polepole, kama padri. Mwaka huo lami ilikuwa cheti, na mwenye madoa mengi ndiye aliyesoma sana.

Jioni moja alimkuta mama yake ameinama tena, mkono umezama kwenye mavi ya ng'ombe mpaka kiwiko. Akamwambia mwaka huu ataacha hiyo kazi. Atamwekea lami.

Nekesa aliuliza kama lami inanuka. Wakhungu akamjibu kwamba hata mavi ya ng'ombe hayanukii maua. Mama akacheka, na kicheko kile ndicho kilichomtia Wakhungu nguvu za kijinga.

Sasa, mwaka wenyewe haukuwa mwaka wa kujaribia vitu. Ulikuwa elfu moja mia tisa hamsini na mbili, mwaka wa tohara, na Wabwile alikuwa anaingia Agosti. Watu wa Bungoma hawatahiri kila mwaka. Ukikosa huu, unangoja mwingine upite ndipo zamu irudi. Nekesa alikuwa amelima shamba zima la wimbi kwa ajili ya pombe ya siku hiyo. Na pombe hiyo haikuwa ya kulewa tu, ingawa kulewa kulikuwepo. Mtoto mwenyewe huenda mtoni, huchota maji, huja kuyamimina kwenye mtungi wenye unga, na hapo ndipo safari ya kisu inapoanza. Katika ukoo wao waliongeza kanuni yao: maji ya mtoto humiminwa juu ya unga wa mama yake. Si wa jirani, si wa dukani. Mama alime, mama avune, mama aanike. Mama ambaye unga wake umemwagiwa maji ana haki ya kucheza mbele ya watu siku ile, akiwa na matawi mkononi, na hakuna wa kumwambia acha.

Nekesa alishacheza kwa ajili ya Wakhungu. Kwa Wabwile, wa mwisho, alikuwa ameanza kujizoeza jikoni.

Wakhungu alikwenda kwa nyapara Athumani kuomba masalio ya pipa. Athumani alikuwa mtu mnene, mwenye kofia ya vitobo na ulimi usiolala. Alimpa madebe mawili ya lami iliyogandia chini, kisha akauliza kokoto atatoa wapi. Wakhungu akasema hataki kokoto. Ni uwanja wa kuanikia nafaka, kokoto zitachanganyika na wimbi, watu watavunja meno. Ataimwaga tupu na kuipaka mchanga laini juu.

Athumani alimtazama kama mtu anayetazama mbuzi akipanda ngazi.

"Kijana," akasema, "lami bila kokoto haikauki. Inajifanya tu. Inangoja jua."

Wakhungu alisikia. Hilo ndilo lililomtafuna baadaye, kwamba alisikia vizuri kabisa, kila neno, na Athumani hakuwa anatania. Lakini alikuwa ameshamwambia mama. Alikuwa ameshawaambia watu wa sokoni. Alikuwa ameshapatana na dereva wa lori la mahindi ampakie yale madebe. Mtu akishapanda jukwaani hashuki kwa sababu ubao unalia.

Julai, siku ya kupaka, nusu ya Kamukuywa ilihamia kwa Nekesa. Wakhungu aliwasha moto katikati ya boma, akachemsha lami kwenye debe mpaka ikatoa moshi mweusi uliofukuza nyuki wa jirani. Akamwaga, akasambaza kwa fagio la kijiti, akinyunyiza mchanga wa mtoni. Kuku mmoja alikimbilia katikati akatoka na viatu vya lami. Watu walicheka, wakakohoa, wakasifu. Kulipopoa, uwanja ulikuwa mweusi, umenyooka, unang'aa kama meza ya karani. Wazee walivua makubazi kabla ya kukanyaga. Mama mmoja aligusa kwa kidole na kusema hii sasa ni Kitale. Kuanzia siku hiyo wakaanza kusema "twende lami," wakimaanisha kwa Nekesa. Kwa majuma machache, pale Kamukuywa, neno lile lilikuwa na maana tamu kabisa, na alama yake ilikuwa mama mjane amesimama mlangoni, mikono mikavu, mgongo umenyooka.

Wimbi ukavunwa, ukapigwa, ukapepetwa. Wabwile alikuwa ameshafunga njuga mikononi, anazunguka kwa ndugu na marafiki kuwaalika, akiimba na wenzake njia nzima. Alikuwa mvulana mwembamba, mwenye shingo ndefu, aliyecheka haraka na kusahau haraka. Kwa khocha wake, ndiye mjomba, kaka ya mama, aliyeitwa Wekoye, alikuwa amepewa ahadi ya ndama. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa unga, na unga ulikuwa umebakiza jua la siku moja.

Jua la siku hiyo lilikuwa jua la kweli. Nekesa alimwaga wimbi wote asubuhi juu ya lami, akautandaza kwa mkono, mwekundu juu ya mweusi, na majirani wakasimama kwenye ua kutazama kama watu wanaotazama harusi. Wakhungu alikuwa kwenye likizo fupi. Alikaa chini ya paa na suruali yake ya madoa, akiwaeleza wazee namna Mzungu anavyopima lami kwa kipimajoto, ingawa hakuwahi kukaribia hicho kipimajoto. Alieleza mpaka mchana ukapita. Alieleza vizuri mno.

Jioni Nekesa alipoinama kukusanya, wimbi haukuja. Uliokuwa juu ulikuja, umevaa harufu. Uliokuwa chini ulikuwa umezama, punje kwa punje, kama mbegu zilizopandwa. Alikwangua kwa ungo, kwa kisu, kwa kucha. Kilichopatikana kilikuwa kijivu, kinanata, kinanuka pipa. Wakhungu alipiga magoti kumsaidia na viganja vyake vikashika chini. Huko uani, kicheko cha kwanza kilitoka, na kikapita kwa mwingine, na kwa mwingine.

Majirani hao hao, baada ya kucheka, walileta wimbi wao. Watu si wabaya hivyo. Lakini Wekoye alikuja asubuhi, akachukua punje za dada yake, akazinusa, akazirudisha polepole kwenye ungo. Hakugombana. Alisema mtoto haendi kwenye kisu na unga wa kuomba kama yatima mama yake akiwa hai, na haendi na unga unaonuka moto wa barabara. Basi angoje mwaka mwingine. Hata ile ahadi ya ndama ikarudi ilikotoka.

Wabwile alikuwa amesimama mlangoni na njuga zake. Alizivua, akaziweka chini juu ya lami, taratibu, zisilie.

Mvulana ambaye hajapiga njuga anaweza kungoja, hakuna anayemjali. Lakini aliyezunguka kwa watu wote akialika, kisha siku ikafika akabaki kitandani, huyo kuna jina lake, na walimpa. Wenzake walipokuwa wamejifunika mashuka mapya wakitembea na fimbo, yeye alikuwa anachunga ng'ombe na watoto wanaomfika kiunoni. Wakimwona walisema "wacha apite, yeye ni wa lami." Kabla ya mwaka kuisha alipanda Kitale, akapata kazi kwenye kiwanda cha mbao njia ya Kapsokwony, na hakurudi. Na pale sokoni neno likageuka. Mtu akivunja jembe la mwenzake, amelitia lami. Mshenga akiharibu posa, ameitia lami. Watoto wadogo walianza kulitumia bila kujua walilitoa kwa nani.

Miaka miwili Nekesa alilima. Aliomba uwanja wa mke wa shemeji yake, akaanikia huko, juu ya mavi ya ng'ombe, akabeba wimbi kichwani kurudi nao. Lami ya nyumbani kwake aliizunguka. Alijaribu kuipaka juu, mavi yakakauka yakabanduka kama ngozi ya mgonjwa. Lakini ghala lilijaa, na Julai ya hamsini na nne alimwita Wakhungu akamwambia: nenda ukamlete mtoto.

Wakhungu alimkuta Wabwile anapanga mbao kwenye lori. Alikuwa amepanuka mabega. Hakuonyesha kushangaa.

"Umeleta debe lingine?" akauliza.

Wakhungu aliikubali hiyo, alikuwa na deni la matusi na alikuja kulilipa. Alimwambia wimbi uko tayari, safi hata kwa harufu, umekaukia kwa watu. Khocha amekubali. Mayi, mama yao, anamngoja.

Wabwile aliweka ubao, akapangusa mikono. "Nimeshatahiriwa."

"Wapi?"

"Hospitali. Kuna daktari, kuna sindano. Unalala kidogo unaamka mtu mzima."

Wakhungu alikaa juu ya mbao. Hakuna matusi katika Kamukuywa nzima yaliyolingana na hilo, kwamba mtu alilala. Hakuna maji ya mtoni, hakuna nyimbo, hakuna mama anayecheza na matawi. Mtu wa hospitali hana wenzake wa rika. Akifika penye pombe ya rika lake anaangalia wapi pa kukaa mpaka anaenda nyumbani. Na Wabwile alijua hayo yote alipokuwa anapanda kile kitanda.

"Basi nilaumu mimi," Wakhungu akasema. "Ni mimi niliweka ile kitu. Usimwadhibu mayi."

Wabwile alicheka, kicheko kifupi kisichofika machoni. "Si wewe unafikiri nina hasira na wewe, bana. Wewe ulikuwa mjinga. Mjinga nimesamehe kitambo." Kisha akaokota ubao, akauweka tena. "Saa sita siku ile nilirudi nyumbani. Nikakanyaga pembeni, mguu ukashika. Nikamwambia mayi, hii inayeyuka, tuondoe wimbi sasa. Akaangalia chini. Akaona. Halafu akaangalia wale wamama uani, akakuangalia wewe pale kwa wazee unaongea. Akaniambia nyamaza, usimwaibishe ndugu yako mbele ya watu."

Lori lilikuwa linapiga honi.

"Alichagua," Wabwile akasema. "Si vibaya. Ni mtoto wake. Lakini alichagua."

Wakhungu alishuka Kamukuywa kwa miguu sehemu kubwa ya njia, na njia nzima alikuwa anaitafuta ile saa sita. Aliikumbuka. Alikumbuka alikuwa katika habari ya kipimajoto. Alikumbuka mama amesimama katikati ya uwanja, amegeuza uso kumtazama, na yeye akadhani ni fahari, akamwinulia kidevu. Kama angekaa kimya wakati huo tu. Kama angeinuka kutafuta maji ya kunywa, akakanyaga.

Nekesa alikuwa amekaa mlangoni. Alimwona anarudi peke yake, mmoja, akashusha macho. Wakhungu alimwambia Wabwile ni mzima, ana kazi, ana mabega. Mengine ya hospitali ilibidi ayaseme, akayasema haraka. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, sauti ya chini, kama kuna kitu kingine mtoto alisema. Juu ya siku ile.

"Hakuna," Wakhungu akasema.

Mama alimtazama muda mrefu. Alijua anadanganywa, na alijua kwa nini, maana ni yeye aliyewafundisha wanawe kufichiana aibu. Akainuka akaenda kuangalia chungu jikoni, na chungu kilikuwa hakina kitu.

Kesho yake Wakhungu alichukua mtaimbo na jembe akaanza kung'oa. Watu walikuja uani tena, wakitaka kucheka, wakakosa pa kuanzia. Lami ikipoa asubuhi inavunjika kama chungu, mchana inavutika kama ulimbo, kwa hiyo alifanya asubuhi na kupumzika mchana, mpaka pembe zote zikatoka na ardhi ikaonekana, imepauka kama ngozi iliyokuwa chini ya bandeji. Ndani ya vipande kulikuwa na punje za wimbi bado, nzima, hazijaoza. Alivibeba akavitupa kwenye korongo nyuma ya soko. Nekesa hakumwambia aache wala aendelee. Alipomaliza, alileta mavi ya ng'ombe na majivu, akainama, akapaka. Wakhungu akainama upande wa pili. Kazi ya wanawake, watu walisema, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kuwaeleza.

Aliendelea na kazi ya barabara, maana mtu lazima ale. Kipande cha Kitale kilirefuka kidogo kidogo, lakini ile barabara ya kupita Kamukuywa ilibaki na vumbi lake. Nekesa naye kila mavuno alitenga mtungi mmoja wa unga, akaufunika, hakumwambia mtu ni wa nini. Mwaka ukipita anapika uji, anatenga mwingine.

Wabwile alikuja karibu na mwisho wa miaka hiyo ya hamsini, bila kutuma habari. Alikuwa na mke, Chepkorir, binti wa watu wa mlimani, na mtoto mgongoni mwa mama yake. Nekesa alitoka jikoni, akasimama, akapangusa mikono kwenye nguo mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Alisalimia, akauliza njia, akauliza habari za kwao mkwe. Kisha akatoa viti vyote alivyokuwa navyo, akavipanga katikati ya uwanja uliopakwa juma lile, laini, hauna alama. Hata Wakhungu, aliyeung'oa kwa mikono yake, hakuweza tena kuonyesha lami ilianzia wapi na kuishia wapi.

Wabwile alitembea mpaka mahali fulani akasimama, pasipokuwa na kitu, kama mtu aliyefika ukingo. Akainama akanyoosha mkono, akachukua kiti cha karibu, akakiweka kwenye nyasi, upande wa nje.

"Hapa panatosha, mayi," akasema.

Hakusema kwa ubaya. Chepkorir alitazama mume wake, akatazama uwanja, akachukua kiti chake pia akamfuata.

Nekesa alirudi jikoni akapika uji kwa ule unga wa mtungi. Alipotoka na vibuyu alipita katikati ya uwanja bila kutazama kando, akawapelekea huko huko, akaketi chini kwenye nyasi miguu imenyooka mbele yake, akaomba apewe mtoto. Wabwile alikunywa. Alikunywa akamaliza, akageuza kibuyu kumwonyesha.

Viti vilivyobaki vilikuwa bado vimepangwa pale katikati. Wakhungu alikuwa amekalia kimoja. Alifikiria kuinuka awafuate, akaona akifika huko itabidi aseme kitu, na vitu alivyojua kuvisema vilikuwa vimeshaisha zamani. Basi akabaki amekaa pale juani, kwenye uwanja safi, akisikia mama yake anavyomwimbia mtoto wa Wabwile wimbo wa tohara, polepole, mabega yakicheza kidogo tu.